Mimba Zinazotoka Na Damu Inayoganda: Kipimo Cha Kingamwili Kinasema Nini, Na Hakisemi Nini



Sifa njema zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), pamoja na ahli zake na Swahaba zake wote. Ama ba'ad:

Ndugu zetu Waislamu, katika maswali yanayotoka kwenye familia za visiwani kuna moja linalorudi kila mara kwa sura tofauti. Mume anauliza: mke wangu mimba zimemtoka mara tatu, je, ana jini? Mama mkwe anauliza: huyu mkamwana ametiwa kijicho, tumpeleke wapi? Na siku hizi limeongezeka jingine: mke wangu amepimwa damu, karatasi imeandikwa kuwa ana kingamwili za fosfolipidi. Maana yake nini? Ndio hatozaa tena?

Hatukatai kuwepo kijicho wala sihiri, na kumsomea mgonjwa ruqyah ya kisheria ni jambo jema wakati wote. Lakini dini yetu pia imetuhimiza kutafuta dawa, na ruqyah haimzuii mtu kwenda maabara. Leo tunazungumzia hilo swali la karatasi ya maabara, kwa sababu tumeona watu wanalikosea kwa pande mbili. Wapo wanaoipuuza karatasi, na mama akabaki kwenye hatari ambayo dawa yake ipo. Na wapo wanaoifanya hukumu ya mwisho, wakamhesabu mke kuwa tasa au mgonjwa wa maisha kwa kipimo kimoja ambacho hata daktari mwenyewe hajakimaliza.

Sisi hapa si badala ya daktari. Tunaeleza jinsi kipimo kinavyofanya kazi ili familia iende hospitali ikijua la kuuliza.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Allaah Amejaalia damu yetu kuwa na hali mbili: iwe majimaji ndani ya mshipa, na igande pale mshipa unapokatika ili mtu asimalizike damu. Vile vile Ameujaalia mwili kuwa na askari wake, nao ni kingamwili, zinazopambana na vijidudu.

Kwa baadhi ya watu, askari hawa huugeukia mwili wenyewe. Katika maradhi tunayoyazungumzia, kingamwili hushikamana na protini zinazokaa juu ya mafuta maalumu yaitwayo fosfolipidi, ambayo yamo katika kuta za chembechembe za mwili. Zikifanya hivyo, damu huwa nyepesi kuganda mahali isipotakiwa kuganda.

Bonge la damu likikaa katika mshipa wa mguu, mguu huvimba na kuuma. Likisafiri hadi mapafuni, pumzi hukatika. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi, na kinaweza kumpata hata mtu wa miaka 30. Kwa mjamzito, kingamwili hizi huliathiri kondo la nyuma, ambalo ndilo linalompelekea mtoto chakula na hewa. Mimba inaweza kutoka mapema, au mtoto akafia tumboni, au mama akapata shinikizo kubwa la damu linaloelekea kifafa cha mimba na mtoto akalazimika kutolewa kabla ya wakati.

Madaktari huyaita maradhi haya kwa kifupi APS. Wengine huyaita ugonjwa wa Hughes, kwa jina la Graham Hughes, daktari wa London ambaye yeye na wenzake waliyaeleza mwaka 1983. Huweza kumpata mtu peke yake, na huweza kuambatana na maradhi mengine yaitwayo lupasi. Hayaambukizi. Hayapatikani kwa zinaa wala kwa uchafu. Na hakuna alichokifanya mke hata akastahiki kulaumiwa.

Kipimo cha kaswende kilichowadhulumu watu

Kabla ya kuingia kwenye vipimo vyenyewe, inafaa tueleze jinsi kingamwili hizi zilivyogunduliwa, kwani ndani yake mna funzo kwa ndoa zetu.

Mwaka 1906 huko Ujerumani, August Wassermann na wenzake walitoa kipimo cha damu cha kaswende. Walidhani kinatafuta kingamwili za kijidudu cha kaswende. Baadaye ikajulikana kuwa kinachotafutwa hasa ni kingamwili zinazoshika mafuta fulani. Mwaka 1941 mwanamke mtaalamu wa Marekani, Mary Pangborn, aliyatoa mafuta hayo katika moyo wa ng'ombe, yakaitwa kadiolipini. Vipimo vya kaswende viitwavyo VDRL na RPR, ambavyo vinatumika mpaka leo, vimejengwa juu ya kadiolipini hiyo.

Watu wengi walipoanza kupimwa, wengine wakati wa kuoa na wengine wakati wa kuingia jeshini, madaktari waliona jambo la ajabu. Wapo waliokuwa wakitoka na jibu la kuwa wana kaswende mwaka baada ya mwaka, na hali hawana kaswende wala hawajapata kuwa nayo. Baadhi yao baadaye walidhihirika kuwa na lupasi. Kumbe miili yao ilikuwa ikitengeneza kingamwili za mafuta yale yale ya kadiolipini.

Funzo lake ni hili. Mke akipimwa kliniki ya wajawazito kwa VDRL au RPR, na jibu likatoka ndio, hilo peke yake si ushahidi kuwa ana kaswende, sembuse kuwa amezini. Kinahitajika kipimo cha pili kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe, kama kile kiitwacho TPHA. Cha kwanza kikisema ndio na cha pili kikasema hapana, daktari huanza kufikiria mengine, na miongoni mwake ni kingamwili hizi za kugandisha damu. Mke aliyeshukiwa anaweza kuwa ndiye mgonjwa aliyehitaji kuhurumiwa.

Ndugu mume, unajua uzito wa kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi. Sheria yetu imetaka mashahidi wanne, na tone la damu kwenye kikaratasi cha maabara si shahidi hata mmoja kati yao.

Vipimo vitatu, si kimoja

Daktari anayetafuta maradhi haya huagiza vipimo vitatu. Karatasi ikija na kimoja tu, kazi haijakamilika.

Cha kwanza ni kingamwili za kadiolipini. Kwenye karatasi huandikwa aCL.

Cha pili ni kingamwili za protini iitwayo beta-2 glaikoprotini. Mwaka 1990 watafiti waligundua kuwa kingamwili nyingi zilizodhaniwa kuwa zinashika mafuta, kwa hakika zinashika protini hii inayokaa juu ya mafuta. Ndio maana siku hizi inapimwa peke yake.

Vipimo hivi viwili aghlabu hufanywa kwa njia iitwayo Elisa. Mtaalamu huwa na sahani ya plastiki yenye visima vidogo vidogo, ambavyo chini yake vimepakwa kile kinachotafutwa. Hutia humo maji ya damu ya mgonjwa. Kama kingamwili zimo, zitang'ang'ania chini. Kisha visima huoshwa, na kila kisichoshika kikaondoka. Baadaye hutiwa dawa inayobadilika rangi pale ilipobaki kingamwili, na mashine hupima ukali wa rangi na kuugeuza kuwa namba.

Ndani ya kila kimoja utaona IgG na IgM. Hizi ni aina mbili za kingamwili. IgG ndiyo inayohusishwa zaidi na kuganda kwa damu. IgM peke yake, tena kwa kiwango kidogo, huwa na uzito mdogo.

Cha tatu ni lupasi antikoagulanti, kwenye karatasi LA. Hiki ndicho kigumu kuliko vyote, na jina lake limewachanganya wengi. Neno lupasi limo, lakini anayeonekana nacho si lazima awe na ugonjwa wa lupasi. Na antikoagulanti ni kitu kinachozuia damu kuganda, lakini mgonjwa huyu shida yake ni kinyume, damu yake inaganda mno. Jina lilikuja kwa sababu ndani ya kichupa cha maabara kingamwili hizi huchelewesha damu kuganda, ilhali ndani ya mwili huiharakisha. Kwa hiyo asije mtu akasoma jina hilo akadhani mkewe ana ugonjwa wa kutokwa na damu.

Kipimo cha LA hakihesabu kingamwili, bali kinahesabu sekunde. Maji ya damu hutiwa kitu cha kuyagandisha, na mashine hutazama yanachukua muda gani. Njia moja inayotumika sana, iitwayo dRVVT, hutumia sumu ya nyoka wa bara Hindi aitwaye nyoka wa Russell, iliyopunguzwa makali. Sumu ambayo ingemuua mtu, Allaah Ameifanya kuwa chombo cha kumtambulia mgonjwa. Njia ya pili huitwa APTT. Inatakiwa zitumike zote mbili, kwa sababu moja inaweza kukosa kile ambacho nyingine inakiona.

Kazi hufanywa kwa hatua tatu. Kwanza hutazamwa kama damu imechelewa kuganda. Ikichelewa, huchanganywa na maji ya damu ya watu wazima wa afya. Kama ilichelewa kwa sababu ya upungufu, mchanganyiko utaijaza na muda utarudi sawa. Ikiendelea kuchelewa, basi kuna kitu ndani kinachoizuia. Hatua ya tatu, huongezwa fosfolipidi kwa wingi. Kama muda sasa unafupika, imethibiti kuwa kizuizi ni hizo kingamwili za fosfolipidi.

Kwa nini kipimo kirudiwe baada ya wiki 12?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na ndilo jambo kubwa katika makala hii.

Kingamwili hizi zinaweza kuja na kuondoka. Mtu akipata maambukizi, mwili wake unaweza kuzitoa kwa muda mfupi, kisha zikapotea bila ya kumdhuru. Kaswende yenyewe, virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya C ni katika yanayojulikana kuzileta. Baadhi ya dawa nazo pia huzileta. Hata katika watu wazima wa afya, wasiolalamika chochote, wachache kati yao huonekana nazo kwa kiwango kidogo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 wataalamu wa kimataifa waliweka sharti: jibu la ndio lisihesabiwe mpaka kipimo kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, na litoke ndio tena. Kabla ya hapo muda uliokuwa ukitumika ni wiki 6, wakaona hautoshi.

Basi kama mkeo alipimwa wiki moja baada ya mimba kutoka, au akiwa na homa, na jibu likatoka ndio, mlichonacho ni nusu ya jibu. Msitangaze, msigombane, msiuze kiwanja kwenda kutibiwa ng'ambo. Andikeni tarehe, hesabuni wiki 12, mrudi. Ila kama ana bonge la damu mwilini au tayari ni mjamzito tena, daktari hatosubiri wiki hizo ndio aanze dawa. Ataanza, na kipimo kitarudiwa baadaye.

Yanayoharibu jibu

Jibu la uongo halitoki tu kwa uzembe wa maabara. Mengine yanatokana na sisi wenyewe kutosema.

La kwanza ni dawa. Mtu anayetumia warfarini, au heparini, au vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda kama rivaroxaban, kipimo chake cha LA kinaweza kutoka ndio na hali si kweli, kwa kuwa dawa yenyewe inachelewesha damu kuganda. Kadiolipini na beta-2 haziharibiki kwa dawa hizi. Kwa hiyo mwambie daktari na mtu wa maabara kila dawa unayotumia, hata kama umeinunua duka la dawa bila ya cheti. Wala usiache dawa kwa rai yako ili upimwe. Kuacha ghafla kunaweza kuleta bonge jingine.

La pili ni homa na uvimbe mkali mwilini. Huivuruga baadhi ya njia za LA. Mjamzito naye damu yake hubadilika, na majibu yake yanahitaji kusomwa na anayejua.

La tatu linatuhusu sana sisi watu wa visiwani, nalo ni safari ya damu. Si kila maabara ina vipimo hivi, na mara nyingi sampuli inabidi ivuke bahari. Damu ya LA hutiwa katika kichupa chenye dawa ya sitrati, aghlabu kizibo chake ni cha buluu, na kinatakiwa kijazwe mpaka kwenye alama. Halafu ndani ya saa 4 izungushwe kwenye mashine, tena mara mbili, ili chembe sahani zote ziondoke. Chembe hizo zina fosfolipidi. Zikibaki humo na damu ikagandishwa kwa barafu, hupasuka na kumwaga fosfolipidi yake, na kingamwili zikajificha. Jibu likatoka hapana, na mgonjwa yumo.

Basi damu iliyochotwa asubuhi ikakaa mezani, ikapanda boti nzima nzima bila ya kuzungushwa, ikafika jioni, jibu lake la LA lina walakini. Muulize anayekuchota damu swali moja kwa adabu: je, itazungushwa na kugandishwa hapa hapa kabla ya kusafirishwa? Kama haiwezekani, ni bora mgonjwa mwenyewe asafiri akachotwe kule kwenye maabara. Nauli ya boti ni rahisi kuliko jibu la uongo.

Karatasi isomwe vipi?

Kipimo peke yake si ugonjwa. Ugonjwa unathibiti yakikutana mambo mawili: kingamwili zilizodumu, na tukio katika mwili. Tukio ni bonge la damu lililothibitishwa, au matatizo ya mimba. Kwa vigezo vya 2006, matatizo ya mimba ni haya: mimba tatu au zaidi zilizotoka mfululizo kabla ya wiki 10 bila ya sababu nyingine, au mimba moja iliyotoka ikiwa na wiki 10 au zaidi na mtoto ana umbile la kawaida, au mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 kwa ajili ya kifafa cha mimba, shinikizo kali la mimba au kondo la nyuma kushindwa kazi.

Mtu mwenye kingamwili lakini hajapata tukio lolote hahesabiwi kuwa na APS. Anafuatiliwa, anaepushwa na yanayoongeza hatari kama sigara na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na daktari ataamua kama anahitaji aspirini kidogo.

Kisha tazama kiwango. Katika vigezo vipya vilivyotolewa mwaka 2023 na jumuiya za wataalamu wa Marekani na Ulaya, vitengo 40 hadi 79 vya Elisa huhesabiwa kuwa vya wastani, na 80 kwenda juu ni vikubwa. Vigezo hivyo vimewekwa kwa ajili ya utafiti, na daktari ana nafasi ya kutumia akili yake, lakini vinasaidia kuona kuwa 22 na 120 si sawa, hata kama karatasi zote mbili zimeandikwa neno moja la ndio.

Na tazama idadi. Mwenye vipimo vyote vitatu vikiwa ndio ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Huyu tahadhari yake iwe kubwa, na asibadilishiwe dawa duka la dawa. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Italia uliolinganisha rivaroxaban na warfarini kwa watu wa namna hii, na ukasimamishwa mapema kwa sababu waliotumia rivaroxaban walipata mabonge na viharusi zaidi. Kidonge kipya ni chepesi kutumia, lakini kwa mgonjwa huyu warfarini ya zamani ndiyo yenye salama zaidi, pamoja na usumbufu wa kupima INR mara kwa mara na kula mchicha na kisamvu kwa kiasi kisichobadilika badilika.

Je, atazaa?

Wengi waliotibiwa wamezaa. Katika utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 1997, wanawake 90 wenye kingamwili hizi waliopoteza mimba mara kwa mara waligawiwa makundi mawili. Waliopewa aspirini peke yake walizaa watoto hai 19 kati ya 45, yaani asilimia 42. Waliopewa aspirini pamoja na sindano za heparini walizaa 32 kati ya 45, yaani asilimia 71. Utafiti mwingine haukuona tofauti kubwa kiasi hicho, lakini mpaka leo aspirini kidogo pamoja na heparini ndiyo tiba ambayo madaktari wanaitumia kwa mjamzito mwenye APS. Warfarini haifai kwa mimba changa kwani inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo mwenye kuitumia amwone daktari kabla ya kushika mimba. Na sindano aghlabu huendelea mpaka wiki 6 baada ya kuzaa, kwa sababu hatari haimaliziki siku ya kujifungua.

Mas-ala ya heparini, saumu na kuumika

Familia zinauliza, na wana haki ya kuuliza: heparini inatokana na nini? Jibu la kweli ni kuwa heparini nyingi inayotumika duniani, pamoja na ile ya aina nyepesi kama enoxaparin, hutolewa katika utumbo wa nguruwe.

Wapo wanavyuoni walioitazama kwa upande wa istihaala, yaani kitu kubadilika dhati yake mpaka kikawa kitu kingine. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, mlango wa istihaala ni mwembamba, lakini yameruhusu kujitibu kwa kilicho najisi pale isipopatikana dawa twahara ya kukaa mahali pake, kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Na Baraza la Fiqhi la Raabitah huko Makkah, katika kikao chake cha 17 mwaka 1424 Hijria (2003), liliruhusu kujitibu kwa heparini hiyo nyepesi ikiwa hakuna mbadala wa halali unaotosheleza.

Ipo dawa iliyotengenezwa bila ya mnyama, iitwayo fondaparinux. Muulize daktari kama inakufaa. Lakini kwa wajawazito uzoefu wa madaktari juu yake ni mdogo, na akisema haitoshelezi, basi mama asikae na wasiwasi. Asiache sindano akidhani anajikurubisha kwa Allaah, kisha akampoteza mtoto au nafsi yake.

Kuhusu saumu, sindano ya chini ya ngozi isiyokuwa ya lishe haifunguzi kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama zetu. Na kutoa damu ya kipimo hakufunguzi katika madhehebu ya Shaafi'iy, kama vile kuumika kusivyofunguza. Ama mjamzito anayechelea madhara, ruhusa yake ya kula inajulikana.

Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asiende kuumika mpaka amuulize daktari wake, kwani jeraha dogo linaweza kuchuruzika sana. Vile vile amtajie daktari dawa zote za miti shamba anazotumia, kwa sababu baadhi yake huipandisha au huishusha nguvu ya warfarini.

Nasaha zetu

Kwa mume: nenda naye kliniki wewe mwenyewe. Beba karatasi zote za zamani, za mimba zilizotoka na wiki zake, na za vipimo vilivyopita. Daktari anazihitaji kuliko maelezo yako.

Kwa mama mkwe: huyo ni mtoto wa watu, na kila mimba iliyotoka ameizika moyoni mwake. Usiwe wa kwanza kulitaja neno la kuoa mke wa pili kabla hata wiki 12 hazijatimia.

Kwa dada yetu mwenyewe: ukiwa na kingamwili hizi, mguu mmoja ukavimba na kuuma, au pumzi ikakubana ghafla, au kifua kikachoma, au mkono na mdomo vikapooza upande mmoja, usingoje asubuhi wala msomaji. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Utasomewa huko huko.

Na kwa wote: kipimo ni sababu katika sababu. Tukishike kwa haki yake, tusikidharau na tusikiabudu. Mwenye kutoa uhai tumboni ni Allaah Peke Yake, na Yeye ndiye Aliyetufungulia mlango wa dawa.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu, Awaruzuku dhuria njema wanaoitamani, na Awape subira na malipo waliopoteza watoto wao. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.